Mgongo Usiokandwa

Kila mwaka mwezi wa tatu, katika vijiji vya karibu na Mpui, huko Ufipa, watu huumwa migongo. Ni wakati wa kulima ntumba, yale matuta ya mviringo yanayofukia majani ili yaoze na kurutubisha shamba. Mtu huinama tangu asubuhi. Jioni hurudi nyumbani ameshika kiuno.

Na wengi wakishika kiuno, huenda kwa Mariana.

Mariana alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mwenye mikono mipana. Kazi ya kukanda migongo alifundishwa na mama yake. Alikanda kwa mafuta ya alizeti na kitambaa cha moto, wala hakudai malipo. Ukimletea maharage, alipokea. Usipomletea, alikukanda vilevile, ila alikusema kidogo. Alijua mgongo wa kila mwanamke kijijini, na hakuona sababu ya kuficha fahari yake.

"Daktari anaangalia karatasi," alipenda kusema. "Mimi naangalia mgongo wenyewe."

Fahari yake ya pili ilikuwa mkwe wake, Fransiska, mke wa mwanawe Modesti. Katika kikundi chao cha kulima kwa zamu, hakuna aliyemfikia Fransiska kwa jembe. Wenzake wakimaliza tuta la tatu, yeye yuko la nne. Hakutoka kwenye mstari kwenda kunywa maji. Hakutoka hata kwenda haja ndogo, kwa sababu shambani hapakuwa na choo na aliona aibu. Alijibana mpaka jioni. Maji yenyewe hakuyataka. Kwa baridi ile ya Ufipa, nani ana kiu?

Jumanne moja Fransiska alirudi akitembea polepole.

"Mama, leo mgongo umenishinda," alisema.

Mariana akacheka. "Hata wewe? Basi jembe lina nguvu. Lala hapo."

Akamkanda vizuri. Jumatano akamkanda tena. Alhamisi Fransiska hakwenda shamba. Alijikunja chini ya mablanketi mawili, anatetemeka mpaka meno yanagongana.

"Ni baridi tu," Mariana alimwambia Modesti. "Jana alinyeshewa. Lete jiko la mkaa."

Wakaleta jiko. Wakampa uji moto wa ulezi. Fransiska akautapika wote. Mariana akachukua chupa yake ya mafuta, akaanza kumkanda mara ya tatu. Mkono wake ulipofika ubavuni kulia, chini kidogo ya mbavu, Fransiska alipiga kelele na kuusukuma.

Mariana alishangaa. Katika miaka yake yote ya kukanda, alikuwa hajawahi kusukumwa mkono.

"Ndipo penyewe hapo," alisema. "Panataka kukandwa sawasawa. Vumilia, mwanangu."

Ni wakati huo Bertilla alipobisha hodi. Bertilla alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Siku hiyo alikuwa kwenye zamu yake ya kutembelea nyumba kwa nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, lakini hapa hapana mgonjwa wa kwako. Ni mgongo wa jembe."

Bertilla hakubishana. Aliinama akamgusa Fransiska paji la uso. Lilikuwa la moto sana. Kisha akamgeukia Modesti.

"Kaka, tafadhali tutafutie maji ya kunywa."

Modesti alipotoka, Bertilla alikaa karibu na mgonjwa na kuuliza kwa sauti ya chini.

"Dada Fransiska, ukienda haja ndogo unaumia?"

Fransiska alifumba macho.

"Inachoma," alisema. "Tangu Jumamosi. Nakwenda kila mara, na inatoka kidogo tu. Nilidhani itapita yenyewe."

"Ulimwambia nani?"

"Ningemwambia nani? Jambo kama hilo namwambiaje mama mkwe?"

Maneno hayo yalimchoma Mariana. Mgongo wa Fransiska alikuwa ameushika siku tatu mfululizo, na hakuuliza hata swali moja.

"Huenda ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo," Bertilla alisema. "Vijidudu vinaingia na kukaa kwenye kibofu. Hapo ndipo mkojo unachoma. Mtu asipotibiwa, vinaweza kupanda mpaka kwenye figo. Figo ziko huku nyuma, chini ya mbavu. Kelele zake nimezisikia nikiwa mlangoni; nadhani ulimgusa hapo."

"Lakini kila mtu anaumwa mgongo mwezi huu," alisema Mariana.

"Kweli, mama. Mgongo wa jembe mara nyingi unauma huku chini kiunoni. Ukiinama unazidi, ukilala unapata nafuu. Lakini jembe halileti homa. Halitetemeshi mtu, wala halimfanyi atapike. Ukiona haya pamoja na maumivu ya mgongo au ubavu, usingoje kesho. Vijidudu vikiingia kwenye damu, mtu anaweza kufa."

Mariana alisimama. Uso ulimbadilika.

"Kwa hiyo unasema nimemuumiza mkwe wangu?"

"Hapana, mama. Mikono yako haikuleta ugonjwa huu. Ila haiwezi kuutoa. Tukimkanda tena leo, tunapoteza siku nyingine."

Mariana aliitazama mikono yake yenye mafuta. Aliona uchungu, na aliona hofu. Hofu ndiyo iliyoshinda. Alijifuta kwa ncha ya kanga, akaita kwa nguvu:

"Modesti! Acha maji. Tafuta bodaboda mbili, sasa hivi."

Kwenye kituo cha afya walimpima Fransiska mkojo na malaria. Wakampima pia ujauzito, kwa sababu kuna dawa ambazo mjamzito hapewi. Hakuwa na malaria, wala hakuwa mjamzito. Mkojo ulikuwa na maambukizi makali. Daktari alimtundikia dripu na kumchoma sindano, akamlaza.

Mariana alikaa kando ya kitanda siku mbili. Siku ya kwanza alimbadilishia Fransiska kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Siku ya pili homa ilishuka na Fransiska akaomba uji. Mariana alimfuata daktari mpaka mezani kwake.

"Mwanangu, nionyeshe figo ziko wapi. Nionyeshe kwenye mgongo wangu mimi."

Daktari, kijana wa umri wa mwanawe, akamwonyesha kwa vidole viwili, kulia na kushoto.

"Nikimshika mtu hapa akaruka?"

"Usimkande. Mlete. Na hata asiporuka, kama mkojo unachoma na ana homa, mlete siku hiyohiyo. Akiona damu kwenye mkojo, mlete. Aliyekwisha kuanza dawa na siku mbili zikapita bila nafuu, naye arudi."

"Na kama mkojo unachoma tu, mgongo hauumi?"

"Huyo naye apimwe mapema. Hapo bado ni rahisi kutibu. Asijinunulie vidonge dukani kwa kubahatisha. Mjamzito, mtoto, mzee na mwenye kisukari wasingoje hata kidogo."

Kisha daktari akamuuliza, "Mama, kijijini kwenu, mtu akiumwa mgongo anaanzia kwangu au kwako?"

"Kwangu," alisema Mariana. Hata pale hakuficha fahari.

"Basi wewe unawaona kabla yangu."

Mariana alirudi nyumbani na maneno hayo. Fransiska alirudi na vidonge vya kumeza siku nyingine saba. Siku ya nne alijisikia mzima, akasema vilivyobaki ataviweka akiba. Mariana alimsimamia asubuhi na jioni na kikombe cha maji mkononi.

"Meza. Utakuwa mzima ukivimaliza."

Alivimaliza. Alipopimwa tena, mkojo ulikuwa safi. Wiki mbili baadaye alirudi kwenye kikundi, na kabla ya kushika jembe alisimama mbele ya wenzake akawaeleza yote, hata yale ya aibu. Mmoja wa wanawake akasema yeye pia hujibana. Mwingine akasema hivyohivyo. Wiki hiyo walichimba choo pembeni mwa shamba na kukizungushia mabua. Tangu hapo kila mtu huja na chupa yake ya maji, na huinywa hata kukiwa na baridi.

Mwezi wa sita, Edith, mke wa jirani yao, alikuja kwa Mariana. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mama mkwe wake alimsindikiza.

"Mkande," mama mkwe alisema. "Mimba inamlemea mgongo."

Zamani Mariana angechukua mafuta papo hapo. Safari hii alimwomba mama mkwe asubiri nje. Alimkalisha Edith karibu, akamuuliza taratibu kama ana homa, kama anatapika, na haja ndogo ikoje.

Edith aliinamisha kichwa. "Inachoma, mama. Leo siku ya pili."

"Umefanya vizuri kuniambia. Twende ukapimwe."

Nje, mama mkwe alikasirika. "Yaani umeshindwa mgongo wa mimba? Wewe, Mariana? Watu wakisikia watasemaje?"

"Waseme," alijibu Mariana. Alifunga kitenge chake vizuri na kushika njia ya kituo cha afya, Edith akiwa ubavuni mwake.

Edith alikutwa na maambukizi. Yalikuwa bado hayajapanda. Alipewa dawa zinazomfaa mjamzito, akazimaliza, akarudi kupimwa. Miezi yake ilipotimia alijifungua mtoto wa kike mwenye afya na sauti kubwa.

Siku ya kumwona mtoto, yule mama mkwe mwenyewe ndiye aliyempa Mariana mjukuu wake ampakate. Wanawake walijaa chumbani, na mmoja akauliza kwa utani ni mgongo gani Mariana aliwahi kuukanda vizuri kuliko yote.

Mariana alimtazama mtoto, akatabasamu mpaka mashavu yakajaa.

"Nimekanda mingi, na yote naikumbuka," alisema. "Lakini ninaojivunia zaidi ni wa mama yake huyu. Huo sikuugusa."