Maneno ya Mzee Calogero

Kila siku baada ya shule, Ludivine Hanquet alipanda ngazi hadi orofa ya tisa, maana lifti ya jengo lao huko Charleroi, Ubelgiji, ilikuwa imeharibika tangu Septemba. Akifika, alimkuta mama yake amelala na viatu miguuni, ametoka kusafisha wodi za hospitali. Ludivine alipasha supu moto, kisha akafungua madaftari.

Majira yale ya baridi alikuwa na kazi nyingine. Ingawa alikuwa na miaka kumi na minne tu, baraza la vijana la mji lilimchagua aende kwenye mkutano wa viongozi vijana kutoka miji sita ya Ulaya, uliopangwa kufanyika hapo hapo Charleroi. Kila mjumbe alitakiwa kuwasikiliza majirani kumi na wawili, aandike ni nini kinachowatenga watu wa asili mbalimbali wanaoishi pamoja.

Ludivine aliwasikiliza wanne. Milango mingine haikufunguliwa, na waliofungua walisema wamechoka, aje kesho. Yeye pia alikuwa amechoka. Jumapili moja alikaa jikoni akabuni majibu manane yaliyobaki. Kuhusu Mzee Calogero, mchimba makaa mstaafu wa orofa ya saba, aliandika kwamba hataki majirani wanaozungumza lugha asiyoielewa.

Hakujua kwamba Bi Fabienne, mlezi wa baraza, angewaalika majirani wenyewe.

Siku ya mkutano kila mjumbe alisoma ripoti ya mji mwingine, na Radek, kijana kutoka Ostrava huko Cheki, wa jamii ndogo ya Waroma inayobaguliwa kote Ulaya, ndiye aliyesoma ya Charleroi. Mzee Calogero alikaa mbele. Kando yake alikuwa Bi Zohra, jirani yake mwenye asili ya Moroko, amemshikia mkongojo. Yaliposomwa yale maneno, Bi Zohra alimrudishia mkongojo taratibu, akainamisha macho.

"Mimi nilisema hivyo?" mzee aliuliza. "Nilipotoka Sisilia, kule Italia, sikujua neno hata moja la Kifaransa. Nani aliniuliza?"

Ludivine angeweza kunyamaza, watu wangedhani mzee amesahau. Alisimama.

"Hakuna aliyekuuliza, babu. Nilibuni mwenyewe. Jibu lako na mengine saba."

Radek aliweka karatasi chini. "Sisi Waroma ndivyo tunavyoandikwa kila siku," alisema, bila hasira, kama mtu aliyechoka kulirudia jambo.

Ludivine aliwaomba radhi wazee wale wawili. Mzee alimsamehe papo hapo. Bi Zohra aliitikia kwa kichwa tu. Mchana wenzao walipokwenda matembezini, Ludivine na Radek walipita mlango kwa mlango jengoni. Walichokisikia hakikuwa chuki. Kwa kukosa lifti, wazee wengi walishindwa kushuka, akina mama wenye watoto wachanga walijifungia ndani, na watu walimaliza wiki bila kuonana. Ripoti mpya ilisema hivyo. Wajumbe wa miji yote sita waliandika barua kwa wasimamizi wa jengo, na kufikia Machi lifti ilikuwa inafanya kazi.

Jioni ile ya mkutano, Ludivine alibaki kumsaidia Bi Fabienne kupanga viti.

"Utanitoa kwenye baraza?" aliuliza.

"Hapana. Lakini elewa ulichofanya. Ukimsemea mtu bila kumsikiliza, umemnyang'anya sauti yake, na jirani yake anaondoka na uchungu usio na sababu. Ukichoka, niambie umechoka. Hilo si kosa. Ningekutafutia mwenzako wa kukusaidia."

"Nimechoka, Bi Fabienne," Ludivine alisema.

"Basi kaa," alijibu, akamvutia kiti.