Rangi Nilizozitupa, Lenox Akaziokota

Jamani! Kazi yangu ile pale... na jina la Lenox chini yake!

Nilikuwa nimekaa ofisini hapa Kiembeni, tunapobuni kurasa za biashara za mtandaoni, chai mkononi, simu mkononi. Nyekundu, nyeusi, nyeupe. Ukurasa mpya wa Milcah, muoka keki za harusi kule Chaani. Mteja WANGU!

"Lenox, hii ni kazi yangu."

"Si ulikuwa umeitupa, siz? Mimi nimeiokota tu. Na Milcah ameipenda vibaya!"

Sikupiga kelele. Nimechoka, wapenzi. Miaka miwili nagawana ofisi na huyu kijana wa bara, na hii si mara ya kwanza.

Kweli nilikuwa nimeitupa. Milcah alitaka rangi kali, za kumsimamisha mtu akipekua simu. Nikazijaribu hizo... halafu nikashtuka. Sisi Wagiriama tunazijua. Ni rangi za vitambaa vya mganga!

Lenox hajui. Milcah naye katoka Machakos juzi juzi, hajui.

Neno moja tu lingetosha.

Nikasema, "Hongera."

Nilitaka Lenox aaibike, basi.

Kesho yake maoni yakaanza kumiminika.

"Mganga, unapatikana wapi?"

"Mume wangu kahama nyumba, nisaidie!"

Na Milcah, maskini, anamjibu kila mtu: "Karibu, tunafanya oda zote!"

Haki ya Mungu, nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Ijumaa Milcah akaja ofisini, macho yamevimba. Kamati ya harusi ya kanisani imekataa keki ya kesho, eti hawali keki ya mganga. Tabaka tatu, kashazipamba zote!

"Pole, Milcah. Huyo Lenox..."

"Sikuja kwa ajili ya Lenox."

"Sasa...?"

"Rangi zilinitia wasiwasi, Nyevu. Nikamuuliza, watu wa huku watazionaje? Akaniambia, Nyevu ni mwenyeji, kaziona, kanipa hongera. Ndiyo nikakubali."

Nikavuta kompyuta. Nikaanza kuzifuta zile rangi.

Nimembadilishia ukurasa, sasa ni rangi ya machungwa na kijani. Lakini pale kanisani bado wanamwita "yule dada wa dawa".

Na Lenox? Mzima! Mganga wa kweli kampigia simu, anataka ukurasa kama ule ule.

Ndugu zangu, ukinyamaza ili adui yako aanguke, tazama kwanza nani kamshika mkono. Mimi sikutazama, na Milcah hanisalimii tena.