Turbo, Barafu na Gunia la Mutuku

Siku ile mjinga alikuwa Mutuku. Simsengenyi, jamani. Amekubali mwenyewe mbele ya mke na majirani, na amesema kisa kisimuliwe ili wenye ugonjwa kama wake watibiwe mapema.

Mutuku ni afisa wa mifugo hapa Garissa, mpole, anayechanja mbuzi wa watu kwa mkono mwepesi hata mbuzi wenyewe hawalalamiki. Nyumba yake ilikuwa na amani. Jioni alikaa barazani na mkewe Mwende, binti yao Ndanu akicheza miguuni pao, na jirani yao Hawo, muuza barafu na maziwa ya ngamia, akiwapigia soga kutoka upande wa pili wa ua. Kisha Mutuku akanunua kigari chekundu chenye turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, na amani ikapanda humo ikaenda zake.

Kigari kilitoka kiwandani na nguvu za farasi mia moja tisini. Kwa mtu ambaye safari zake nyingi ni za sokoni, hizo zilimtosha na kubaki. Lakini hapana, akakipeleka Nairobi kwa fundi wa kompyuta za magari. Huko kilipandishwa kwenye mashine ya kupimia nguvu, kikafungwa mikanda kama fahali anayengoja kisu, magurudumu yakazunguka kwa kasi juu ya mapipa ya chuma, kigari chenyewe kimesimama palepale. Fundi akabofya, akabofya, turbo ikaongezewa pumzi, skrini ikaonyesha mia mbili sitini na moja. Mutuku akaipiga picha namba ile na kuiweka kwenye simu, mahali palipokuwa na sura ya Ndanu.

"Sikiza, mzee," fundi alimwonya. "Nimeipima kwa baridi ya huku na kwa petroli ya daraja la juu. Huko kwenu ni joto. Ukiweka petroli ya kawaida, usikanyage. Hewa ikiingia ndani ikiwa moto, injini itajipasua yenyewe."

"Nimeelewa," alisema Mutuku, mguu wake ukiwa tayari kwenye mafuta.

Sasa nawauliza, wenzangu, nani kati yetu ameiona petroli ya daraja la juu hapa mjini? Mutuku akatia ya kawaida, akakanyaga. Kila alipoachia mguu kigari kilipiga chafya, pshaaa! na mbuzi wa mtaa mzima wakatawanyika, wale wale aliowachanja asubuhi. Friji aliyoahidiwa Mwende ikageuka kuwa rejeta kubwa ya kupoza hewa ya turbo. Hebu fikirini, katika joto hili letu, injini inapozwa na mtoto anakunywa maji ya uvuguvugu!

Ndipo Mwende akaitwa Dadaab. Yeye ni mtaalamu wa lishe, na tangu amfuate mumewe huku alikuwa amekaa miaka miwili bila kazi. Shirika moja la misaada lilimtaka afike kwa mahojiano saa nne asubuhi. Atakayechelewa, nafasi yake ni ya mwingine.

"Abaayo, dada yangu, nenda na ndugu yangu Gelle," Hawo alimwambia. "Boza lake, lile lori la tangi la maji, linaondoka alfajiri. Ni bole bole, lakini linafika."

Mutuku akaruka kama aliyekanyaga mwiba. "Mke wangu ashuke kwenye boza mbele ya wakubwa? Nitamfikisha kabla Gelle hajamaliza chai!"

"Baba Ndanu, kazi hii nimeingoja sana."

"Najua, mama. Ndiyo maana tunakwenda na farasi mia mbili sitini na moja."

Asubuhi Hawo alileta bonge la barafu, Mwende apate kitu cha baridi njiani. Mutuku akalitazama bonge, akaitazama rejeta yake, akili ikawaka. Adui si joto? Akalitia bonge ndani ya gunia, akalifunga mbele ya rejeta kwa kamba ya mbuzi.

"Waryaa! Hiyo ni ya mtu kunywa!" Hawo alipiga kelele.

"Injini nayo ina kiu."

Mwanzoni kweli waliruka. Walilipita boza la Gelle, Mutuku akapiga honi mara tatu na kupunga mkono kama mgombea wa ubunge. Kisha barafu ikayeyuka. Gunia bichi likala vumbi, vumbi likawa tope, jua likalikausha tope. Mbele ya rejeta sasa palikuwa na ukuta, na hewa haikupita hata chembe. Injini ikaanza kugonga, ti-ti-ti-ti.

"Ni nini hicho?" Mwende aliuliza.

"Ni nguvu. Inatafuta pa kutokea."

Ikapapata. Mlio mmoja, moshi, halafu kimya cha vichaka na vumbi. Mutuku alifungua boneti, akaliona gunia lililokauka kama kigae. Mwende hakugomba. Alikaa juu ya jiwe, akatoa vyeti vyake kwenye bahasha, akavitazama kimoja kimoja, akavirudisha. Hilo lilimuuma Mutuku kuliko matusi.

Boza likaja likinguruma. Gelle akachungulia dirishani.

"Warya Mutuku! Gari imekufa ama imelala?"

"Imepata joto kidogo."

"Hata mimi niko na joto, na naenda. Abaayo, panda. Wewe bwana, baki uchunge farasi zako, zisitoroke."

Akamwachia mtungi wa maji na kuondoka na Mwende.

Kule ofisini matangi yalikuwa makavu tangu jana yake. Mkuu wa ofisi, Bi Ruweyda, alikimbia kufungua lango mwenyewe, wafanyakazi wakipiga makofi. Mwende akashuka katikati ya shangwe, viatu mkononi, dakika chache kabla ya saa nne.

"Wewe ndiwe uliyeleta maji?" Bi Ruweyda aliuliza.

"Nimeleta na vyeti."

Kazi akapata. Friji akanunua yeye. Kigari kilirudi kikivutwa na lori la mbuzi, na siku hizi Hawo huanika nguo juu yake.

FUNZO

Ndugu zangu, kupenda sifa ni ulevi usionuka mdomoni. Anayeutumia hunyima watu wa nyumbani maji ya baridi ili wapita njia wageuze shingo. Wapoze watoto wako kwanza, kisha ndipo upoze chuma. Na ukishauriwa na anayeijua njia, nyamaza, panda.

Mutuku mwenyewe amepona, ila homa humrudia. Juzi alikuwa anakunywa maji ya friji ya mkewe, akaanza.

"Lakini mkubali! Kwenye ile mashine ya Nairobi kilitoa mia mbili sitini na moja. Mashine haidanganyi."

"Ile mashine," aliuliza Mwende, "ambapo kilifungwa, kikanguruma, magurudumu yakazunguka, na hakikwenda popote?"

"Hiyo hiyo!"

"Basi walikipima sawasawa."