Shahidi wa Bonde la Mpunga

Bi Mwatum alikuwa juu ya dungu, jukwaa la miti analolindia mpunga wake pale Makangale, tumbili wa msitu wa Ngezi wasije wakaung'oa. Upepo ulikuwa mtamu. Kope zikamlemea. Akasikia mvua juu ya makuti, taratibu, kama mchele ukimiminwa kwenye ungo. Alipofumbua macho, jua lilikuwa kali na majani ya mpunga yamejikunja. Ndoto tu, masikini!

Karibu na dungu kilisimama kipima mvua, kopo refu juu ya kigingi. Kilikuwa kitupu. Bibi yake alimfunza kwamba chombo kikiachwa kitupu shambani huita ukame. Basi akashuka, akakitilia maji ya ndoo yake.

"Haya, iite mvua," akakiambia. Akenda zake nyumbani, moyo mwepesi.

Asubuhi alikuja Widad, bibi shamba, ambaye husoma kipimo kila siku. Akatazama maji. Akatazama udongo uliopasuka.

"Shikamoo, Bi Mwatum. Jana kulinyesha?"

"Marahaba, mwanangu. Inyeshe wapi? Maji hayo nimeyatia mie. Sipendi chombo kikae na kiu."

Widad akashika kichwa. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

"Ningaliandika maji haya, bonde zima lingalikosa fidia ya bima!"

"Ati? Kwani hamji kukagua shamba la kila mtu?"

"Hatukagui. Bima hii huangalia mvua tu. Mvua ikiwa chini ya kiwango tulichokubaliana, tangu kupanda mpaka mpunga kuchanua, kila aliyechanga hulipwa. Kopo hili ni shahidi wetu. Ukimnywesha, atasema mvua imenyesha."

"Na ikinyesha vyema?"

"Mchango haurudi. Lakini mpunga utauvuna."

Bi Mwatum akaketi chini. Nyumbani mpunga wa mbegu walikwisha kuula. Bila fidia, mwakani angepanda nini? Hofu ikamshika, na haya pia.

"Mwaga, mwanangu. Mwaga yote."

Widad akamwaga, akaandika sifuri.

Mvua haikuja. Mpunga ukakauka, na Bi Mwatum akaulilia kama mtu. Lakini baada ya msimu, fidia iliingia kwenye simu za wanachama wote wa bonde. Haikutosha kila kitu. Ilitosha mchele wa kula na mbegu, aliyoinunua mwenyewe sokoni Konde, akiichagua punje kwa punje.

Masika yaliyofuata alisinzia tena juu ya dungu. Akasikia mvua juu ya makuti.

"Wanidanganya tena," akanong'ona.

Tone likamwangukia shavuni. Akafumbua macho. Bonde lote lilikuwa jeupe kwa mvua! Akashuka mbio, ndoo mkononi, kanga imemganda mwilini, mpaka mbele ya kipima mvua. Maji yalikuwa yakipanda ndani yake, kidogo kidogo.

Akaifudikiza ndoo chini.

"Kunywa, shahidi wangu," akasema. "Leo mkono wangu haumo."