Mpima Ardhi wa Spånga

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Wilkister alikuwa amefua nepi, akazianika karibu na bomba la kupashia nyumba joto, akamnyonyesha Jennifer mpaka mtoto akalala. Ilikuwa Novemba 1971. Yeye na mumewe Josiah, aliyekuwa akisomea uhandisi mjini Stockholm, walikuwa wamepanga ghorofa ya juu katika nyumba ya mbao huko Spånga, karibu na stesheni ya treni. Mwenye nyumba, bikizee mmoja aitwaye Edla, alikaa chini peke yake na kinanda chake.

Alasiri ile giza liliingia mapema, kama kawaida ya huko wakati wa baridi. Wilkister aliwasha taa. Ndipo aliposikia mnyororo ukiburutwa.

Haukuwa darini wala chini. Ulikuwa mle mle chumbani, kandokando ya ukuta, chuma chembamba kikikwaruza mbao za sakafu. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, ya chini, kama anayemsemesha mtu aliye karibu. Ilisema Kiswahili, kile Kiswahili kibovu cha walowezi wa Kizungu kule kwao Kenya.

"Vuta. Vuta. Kamata hapo."

Nyundo ikagonga.

Alipojikaza kwenda kutazama, alikuta kigingi cha chuma kimesimama sakafuni. Kilikuwa kimeota barafu.

Josiah aliporudi alijaribu kuking'oa, akashindwa. "Ni kipande cha bomba la zamani, Mama Jennifer," alisema, lakini alifuta mikono yake kwenye suruali kama mtu aliyeshika maiti. Upande wa pili wa kigingi, kuelekea ukutani, pumzi yake ilitoka kama moshi. Upande huu kulikuwa na joto.

Kesho yake mnyororo ukaburutwa tena, na kigingi kikasogea mbele. Siku iliyofuata kikasogea zaidi. Nepi zilizoanikwa nyuma yake ziliganda zikawa ngumu kama mbao. Chumba kilikuwa kinaliwa.

Wilkister alimbeba mtoto, akashuka kwa Edla. Bikizee hakucheka. Alifunga kinanda taratibu.

"Amefika wapi?" alinong'ona.

"Nani?"

"Baba."

Kwa Kiingereza cha kuokoteza, Edla alimweleza. Kabla ya vita ile ya kwanza, baba yake aliajiriwa na Waingereza kupima mashamba kule Kenya, mwaka ule walowezi walipoanza kuingia Trans Nzoia. Alirudi na mnyororo wake wa kupimia ardhi, akafia katika nyumba hii. Hakuacha kupima.

"Wapangaji waliowatangulia ninyi walihama kabla hajamaliza chumba," Edla alisema. "Wa kwanza kabisa walisema ni mabomba." Akatazama dirishani. "Hama, mwanangu. Akishakizungushia kitu vigingi, hakirudi."

Wilkister alipanda ngazi akihisi masikio yanawaka moto. Trans Nzoia ndiko kwao. Nyanya yake alikuwa msichana mwaka huo. Watu waliamka wakakuta vigingi vimepigwa katikati ya shamba lao la wimbi, wakaambiwa waondoke. Nyanya aling'oa kimoja. Alichapwa viboko mbele ya mama yake, kisha ukoo mzima ukasukumwa kwenye mawe ya mlimani. Alama za viboko vile Wilkister alikuwa amezigusa kwa vidole vyake mwenyewe.

"Tuhamie Rinkeby," Josiah alimsihi jioni. "Kuna nyumba mpya. Tufungashe kesho."

"Sihami."

"Mama Jennifer, fikiria mtoto."

"Ndiye ninayemfikiria. Kwetu tulihama, Baba Jennifer. Ikatusaidia nini?"

Kesho yake Josiah alikwenda chuoni kutafuta mtu wa kuwapa nyumba. Alasiri ilipoingia giza, Wilkister alikuwa jikoni akichemsha maziwa. Mnyororo haukusikika. Alichosikia ni nyundo.

Alikimbia. Kigingi kilikuwa mbele ya kitanda cha mtoto. Jennifer alikuwa nyuma yake, midomo imekuwa ya buluu, macho wazi, halii.

"Hii yangu," sauti ilisema. "Ile yangu. Toto yangu."

Wilkister aliruka kigingi. Baridi ikamkaba koo. Alimnyakua mwanawe, akamfunga mgongoni kwa shuka, akafunga fundo kifuani mpaka likamuumiza. Kisha akapiga magoti. Akakishika kigingi kwa mikono miwili.

Viganja vilinata. Alivuta. Ngozi ikachanika. Akavuta tena.

"Acha," sauti ilinong'ona sikioni mwake. Ilinuka tumbaku na udongo. "Acha. Piga kiboko."

"Piga," alisema Wilkister.

Kitu kilimchapa mgongo wa mikono. Hakuachia. Kikamchapa usoni. Hakuachia. Alisikia mdomo wake ukitoa maneno ya Kibukusu ya kuwaita wazee waliotangulia, ambayo hakujua kama aliwahi kufundishwa, na kigingi kikalia, kikalegea, kikatoka.

Taa ikazimika. Mnyororo ukaanguka sakafuni kwa kishindo, ukaburutwa ngazini kwa kasi. Mlango wa chini ukafunguka, ukajibamiza.

Mgongoni, Jennifer akaangua kilio. Wilkister alicheka huku damu inamtiririka.

Josiah alifika muda si mrefu baadaye. Hakupanda. Aliita kutoka mlangoni, sauti imemkauka.

"Mama Jennifer. Hawa wageni ni akina nani?"

"Wageni wapi?"

"Shuka uone."

Theluji mpya ilikuwa imetanda uani. Nyayo za buti zilitoka mlangoni, zikiwa zimeachana mbali kama za mtu anayekimbia. Nyuma yake zilikuwapo nyayo za miguu mitupu, kubwa na ndogo, za watu wazima na za watoto, zimekanyagana. Walizifuata kwa tochi hadi katikati ya uwanja ulio nyuma ya nyumba. Hapo za buti zilikoma. Mbele yake theluji ilikuwa safi, haijaguswa.

Zile za miguu mitupu zilikuwa zimegeuka. Zilirudi polepole, zikaingia mlangoni, zikapanda ngazi zikiacha maji, zikazunguka kitanda cha Jennifer pande zote.

Josiah alimulika kila kona akitafuta za kutoka. Hazikuwapo.