Keshia na Mteja wa Siri

Mlinzi wa duka alisema mguu wa kiti hauingii ndani. Mwenye mguu wa kiti naye akasema basi na yeye haingii. Ilikuwa mwisho wa mwezi, watu wamejaa mlangoni wanasukumana na vitoroli vyao, na wale wawili wamewazibia njia.

"Kaka, uache hapa, utaukuta."

"Nikuachie wewe? Nikirudi nitakuta umeshampelekea mkeo, una kiti cha miguu mitano!"

Watu wakacheka. Keshia wa kaunta ya kwanza, iliyo karibu na mlango, alicheka pia ingawa hakutaka. Alikuwa amevaa sare ya kijani iliyonyooshwa vizuri, skafu nyeupe kichwani, na kucha amezikata fupi, maana mikono ya keshia ndiyo watu wanayoitazama zaidi kuliko uso wake. Akainua macho akamwona kijana mrefu, shati la drafti limeng'ang'aniwa na nyuzi za kitambaa mabegani, penseli sikioni.

"Mwache apite," akamwambia mlinzi. "Anatafuta vanishi inayofanana na huo mguu. Mtu hawezi kubeba rangi ya mbao kichwani."

Kijana akageuka. "Dada, umejuaje?"

"Vidole vyako vina rangi, na huo mguu umepigwa msasa upande mmoja. Nina macho."

"Basi wewe si keshia. Wewe ni mpelelezi."

"Songa, kaka, unazibia watu."

Akasonga. Alichukua kopo dogo la vanishi, kisha akapanga foleni kwenye kaunta ya kwanza, wakati ya tatu haikuwa na mtu hata mmoja. Mlinzi aliona. Keshia aliona. Hata mama aliyekuwa mbele yake kwenye foleni aliona, akatabasamu huku akitoa unga wake kwenye kitoroli.

Kijana alikuwa fundi sofa, amekodi kona tu kwenye karakana ya watu wengine. Mtaani walimwita Fundi, na Keshia naye akamwita hivyo hivyo, ila yeye aliongeza "wangu" mwishoni, taratibu, kama mtu anayeonja chai ya moto. Walibadilishana namba za simu, na Fundi alijua saa ya chakula ya Keshia kuliko Meneja alivyoijua; saa hiyo ndiyo aliyompigia.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula misumari."

"Basi kunywa maji mengi, isije ikatokeza mgongoni."

"Ikitokeza utaning'olea?"

"Nitaita fundi!"

Alikuwa akicheka peke yake stoo mpaka wenzake wakamchungulia. Nyumbani alikuwa na Shangazi, mjane aliyemlea tangu mdogo, mama wa sala, anayemshukuru Mungu kabla ya kula na kabla ya kupokea simu. Shangazi alivumilia mwezi mzima, kisha akashindwa.

"Huyo anayekupigia, ana jina, au ana mlio tu?"

"Ni fundi, Shangazi."

"Fundi wa nini? Wa maneno?"

"Wa sofa."

"Haya. Fundi wa sofa hakosi pa kukaa. Mbona hapa haji kukaa?"

Swali hilo Keshia alilipeleka kwa mwenyewe. Fundi akasema kwenye simu, "Mpenzi, siwezi kwenda kuomba mke nikiwa fundi wa kona. Nina akiba benki. Nikipata chumba changu chenye mlango na kufuli, siku hiyo hiyo utaniona kwa Shangazi. Hata namba yake nimeihifadhi kwa heshima zote."

Keshia hakumharakisha. Alimpenda kwa hilo, na alimpenda kwa namna alivyopitisha kiganja juu ya kiti alichokimaliza, kama anayemtuliza mtoto.

Asubuhi moja Fundi akaja dukani amevaa koti la kuazima, mikono imempita, na waya wa simu sikioni. Uso wa Keshia ukachanua. Fundi akasimama mbele yake akamtazama kama anayetazama ukuta.

"Habari za asubuhi, dada."

"Dada?"

"Naomba kadi za zawadi, dada. Zile za thamani kubwa. Zote zilizobaki hapo kwenye kibanio."

Keshia alidhani ni utani wao. Akasubiri kicheko. Badala yake akasikia sauti ya mwanamke, nyororo, ikivuja kutoka kwenye ule waya: "Usimwambie chochote huyo wa kaunta, mpenzi. Harakisha."

Mpenzi! Keshia alihisi kama amekalia sindano. Alihesabu kadi, akapokea malipo, akachana risiti.

"Karibu tena, kaka," alisema.

Fundi hakwenda mbali. Alisimama dirishani, pale wateja wanapopangia mifuko yao, na Keshia, huku akimhudumia mzee mwenye sabuni, hakumwachia jicho. Moyoni alikuwa ameshamwozesha yule mwanamke wa sauti nyororo, amemvika na gauni. Kisha akamwona Fundi anatoa sarafu, anakwangua kadi ya kwanza, anaipiga picha, anaituma.

Hapo Keshia akaacha kupiga hesabu ya sabuni.

Wivu una kelele, lakini Mungu alikuwa amempa mwanamke huyu utulivu wa kuona kupita kelele. Mwanamume anayempenda mwanamke humnunulia kadi, akaomba karatasi ya kuifunga, akaficha bei. Zawadi gani hukwanguliwa na mtoaji? Huyo mwanamke hataki kadi. Anataka namba iliyofichwa, maana aliye na namba ndiye mwenye pesa zilizomo. Tena aliye na penzi hamwambii mtu harakisha.

"Babu, nisamehe kidogo," akamwambia mzee wa sabuni. Akafunga droo kwa ufunguo na kutoka kwenye kaunta. Keshia anayeacha kaunta na foleni ikiwepo hupewa onyo la maandishi, na hilo alilijua kuliko mtu yeyote. Akafika dirishani, akaweka kiganja chake juu ya kadi zote.

"Dada, unaniharibia kazi," Fundi alisema, akimkonyeza.

"Kazi gani?"

"Mimi sikujui, dada."

"Hunijui? Jana umesema hulali bila kusikia sauti yangu!"

Waya ukapiga kelele: "Ni nani huyo? Mwondoe!"

"Na huyo ni nani?" Keshia akauliza.

"Msimamizi wangu."

"Msimamizi anakuita mpenzi?"

"Anaita kila mtu hivyo!" Fundi akainama, akanong'ona. "Malkia, nimeajiriwa. Mimi ni mteja wa siri. Natumwa madukani kupima huduma, na leo anayepimwa ni wewe. Rudi kaunta nikupe alama nzuri, utanifukuzisha kazi."

Angekuwa mtu mwingine angecheka. Keshia aliingiwa na baridi.

"Pesa za kadi amekupa nani?"

"Wao. Wamenitumia hundi, nimeiweka benki. Nanunua kadi, natuma namba, kinachobaki ni mshahara. Nilitaka kukushtukiza na ufunguo wa chumba."

"Hundi imepita?"

"Imeonekana kwenye akaunti."

"Sikukuuliza kama imeonekana."

Meneja akafika, tai imepinda kwa hasira, anaonyesha foleni kwa kidole. Keshia hakumpa nafasi. "Meneja, onyo langu nitalichukua, ni haki yako. Kwanza mwambie huyu kaka. Wapimaji wa kampuni yetu hulipwa vipi?"

Meneja akashangaa, lakini akajibu. "Wapimaji wapo, na sura zao hata mimi sizijui. Lakini hununua kitu kidogo, sabuni au soda, kwa pesa yao, wakaeleza walichokiona, ndipo wakarudishiwa. Sijasikia aliyetumiwa hundi kwanza. Na kadi za zawadi, kaka yangu, hakuna anayewatuma kununua."

"Usiwasikilize!" sauti ikalia. "Hao ndio tunaowachunguza!"

Meneja akainamia simu. "Mama, mimi ni meneja wa duka hili. Nipe jina la kampuni yako na simu ya ofisi, nikupigie sasa hivi."

Simu ikakatika. Fundi akaendelea kuitazama, kama mtu aliyefungiwa mlango akiwa ameshavua viatu.

Hakusema asante. Meneja alipokubali kuzipokea tena kadi ambazo hazijakwanguliwa, Fundi alizisukuma mbele na kuondoka mbio kuelekea benki, mikia ya koti la kuazima ikimpiga mapajani. Keshia akarudi kwa mzee wa sabuni, akaomba radhi, jioni akatia saini onyo lake. Simu haikulia jioni ile, wala kesho yake, wala keshokutwa. Akaanza kufikiri labda Fundi anamchukia kwa kumwaibisha mbele za watu. Hakujua kwamba Fundi anafikiri yeye ndiye anayemdharau, na hivyo kila mmoja akakaa na simu yake mkononi anangoja.

Siku yake ya mapumziko Keshia alivaa gauni la maua madogo na hereni zake za fedha, akaenda karakana bila kupiga hodi kwenye simu. Alimkuta Fundi amepiga magoti nyuma ya sofa, misumari mdomoni.

"Bado unakula misumari?"

Fundi akaitema kiganjani. Macho yalikuwa yamemwiva.

"Hundi ilikuwa ya bandia," alisema. "Benki wameirudisha. Kama ningetuma zile kadi zote, ningekuwa nadaiwa na benki, na akiba yangu imekwenda, na ya wateja walionilipa nusu. Imepotea ile moja tu. Nimeripoti benki na polisi. Nilikosa uso wa kukutazama, malkia. Wewe uliona kwa dakika moja nisichokiona mimi kwa wiki mbili."

"Mimi niliona kwa sababu sikuahidiwa kitu. Wewe uliahidiwa chumba."

Fundi akatazama chini, akacheka kidogo, akafuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Nitakuja kwa Shangazi hivyo hivyo, bila chumba. Lakini nakuomba jambo moja. Haya asiyajue. Anione mtu mzima."

Keshia hakupenda siri hiyo, lakini alimhurumia. "Kutoka kinywani mwangu hatayajua."

Fundi alikwenda kwa Shangazi amevaa shati lake mwenyewe, jeupe, limefungwa hadi kifungo cha juu. Shangazi alikuwa amefua mapazia na kuzima redio. Chai ilimiminwa, shikamoo ikaitikiwa, na kabla Fundi hajafikia neno alilolijia, Shangazi akapiga makofi mara moja, kwa furaha.

"Kwanza habari yangu! Mungu hajanisahau. Nimepata kazi."

"Kazi gani, Shangazi?" Keshia aliuliza.

"Ni siri, lakini ninyi ni wangu. Nitakuwa nakwenda madukani kama mteja, natazama wanavyohudumia. Hundi yenyewe hii, kesho naipeleka benki. Nataka nikununulie kitanda kizuri, mwanangu, usiingie kwa mume mikono mitupu." Akatoa bahasha kwenye Biblia yake.

"Shangazi, hiyo si kazi. Ni wizi."

"Nilijua utasema hivyo. Walinitahadharisha kwamba hata wa nyumbani watanizuia. Na hawakuniokota njiani, wamesema nimetajwa na mtu mwaminifu anayenijua."

Neno lililobaki kwa Keshia lilikuwa ni siri ya Fundi, na ahadi ni ahadi. Akamtazama.

Fundi aliweka kikombe chini polepole. Walipomwajiri walimwomba namba za watu wawili wanaomfahamu, na yeye, kwa heshima zote, aliandika ya mama yake na ya Shangazi.

"Shangazi," alisema, "huyo mtu mwaminifu ni mimi."

Akaeleza yote, asijipambe hata kidogo. Kazi ilivyomfuata bila kuiomba, bila usaili, kutoka anwani ya barua pepe ya bure ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua. Haraka yao. Hundi, kadi, namba. Alivyosimama mbele ya binti wa watu akamwita dada. "Kazi ya halali inaweza kunitaka nimfiche meneja wa duka," alisema. "Haiwezi kunitaka nimfiche yeye. Hapo ndipo ningejua, na sikujua. Kiganja chake ndicho kilichoniokoa. Namba yako niliitoa mimi. Nisamehe."

Shangazi akamgeukia.

"Leo ulikuja kufanya nini hapa?"

"Kumwomba binti yako."

"Na umejua ukisema haya naweza kukukatalia?"

"Nimejua."

"Ungeweza kusema umeyasikia redioni."

"Usingeniamini, Shangazi. Kesho ungekwenda benki."

Shangazi akainuka, akaingia chumbani. Fundi akainamisha kichwa. Keshia alimshika mkono, mkono wenye vanishi kwenye kucha, akaona hajawahi kumpenda hivi, hata siku zile za vicheko vya stoo.

Shangazi akatoka. Amejitanda kitenge chake kizuri, amevaa viatu vya kutokea, mkoba begani na ile bahasha ndani ya mkoba.

"Twendeni."

"Wapi, Shangazi?"

"Polisi kwanza, hii bahasha isilale humu. Halafu kwa mama yake huyu, maana naye namba yake imetajwa, atakuwa anaandamwa na watu hao hao. Na nikishamwambia hilo nitamwomba anipe mwanawe. Mtu wa namna hii simwachi aende akarudi kuniomba mimi. Naenda kumwomba mwenyewe."

"Shangazi," Keshia alisema, akifuta machozi huku anacheka, "haifanywi hivyo."

"Najua. Vaa viatu."