Ili Aliye Nyuma Ajue

Kwenye chuo cha udereva walimwita Kioo. Hakuna mwanafunzi aliyekaa naye dakika tano bila kuusikia wimbo wake: "Kioo kwanza. Indiketa. Kioo tena. Ndipo usukani." Miaka kumi na tisa alifundisha hivyo. Mtu akikata kona bila kuonyesha, Kioo alimsimamisha pembeni akamuuliza, "Kwani aliye nyuma yako ni mganga, ajue moyoni mwako kuna nini?"

Jioni hiyo alibakiwa na mwanafunzi mmoja, mjane wa makamo, mshonaji wa sare za shule. Mtihani wake ulikuwa kesho yake asubuhi. Gia alizijua. Kurudi nyuma alirudi kama anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano. Ila yake ilikuwa moja tu: kila walipofika njia ya kuingia kwake, alikata kona kimyakimya, bila indiketa.

Mara ya kwanza Kioo alidhani amesahau. Mara ya tatu alianza kumshuku. Mwanamke hafichi njia ya kwake bure, alijiambia. Huyu kuna mtu anamkwepa.

Jua lilikuwa limeshazama, na wenye maduka walikuwa wakiwasha taa moja moja. Njia ya mjane ikaonekana mbele, upande wa kushoto.

"Indiketa, dada."

Mjane aliendelea kushika usukani kwa mikono miwili.

"Mkaguzi atakuangusha kwa hili, na mengine yote umeyaweza."

"Mwalimu," alisema mjane taratibu, macho kwenye kioo, "nikiwasha hapa, kitajua ninapoingia."

"Kitajua nini?"

"Tazama nyuma."

Kioo akageuka. Nyuma yao, mbali kidogo, kulikuwa na gari. Taa zake mbili zilikuwa hafifu, za manjano, kama macho ya mgonjwa wa ini. Barabara ilikuwa na mashimo, lakini taa zile hazikuyumba hata mara moja. Na mlio wa injini... haukuwepo.

"Ni nani yule?"

"Sijui. Mume wangu alikuwa akiliona wiki ile ya mwisho." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jioni moja akawasha indiketa hapa, akaingia nyumbani, akashuka kufungua geti. Nilimkuta amesimama wima, mkono kwenye komeo. Nikamwita. Nikamgusa. Alikuwa ameshapoa."

Kioo akazitazama tena zile taa.

"Siku chache kabla, wifi yangu alikuja kututembelea. Wakati wa kuondoka alitoa kitambaa akazifuta taa za nyuma za gari letu. Moja baada ya nyingine, polepole. Mwalimu, nani anafuta taa za gari la mwenziwe?"

Kioo aliyajua maneno ya mtaani. Wifi alisema mjane ndiye aliyemmaliza mumewe, mjane alisema wifi. Yeye hakuwa mtu wa kuamua ugomvi wa ukoo. Alikuwa mtu wa sheria za barabarani.

"Aliye nyuma, awe nani, ana haki ya kujua unakwenda wapi," alisema.

"Basi washa wewe. Kwa mkono wako."

Alilisema jambo hilo upesi mno, kana kwamba lilikuwa tayari mdomoni. Kioo alilisikia hilo. Lakini mkono wa mwalimu huenda kabla ya akili. Akanyoosha mkono, akasukuma kijiti.

Ti-ka. Ti-ka. Ti-ka.

Ikaja harufu ya waya ulioungua.

Kisha, katikati ya mlio wa indiketa yao, ukaingia mwingine. Ulikuwa umechelewa kidogo tu, na ulitoka humo humo ndani ya gari, kwenye kiti cha nyuma.

Ti-ka... ka. Ti-ka... ka.

Kioo alitazama kwenye kioo. Kiti kilikuwa kitupu. Lakini kule barabarani, gari lile nalo lilikuwa likiwasha ya kushoto.

Mjane akaizima indiketa. Akaipita njia yake, akazunguka mitaa miwili, akarudi kwa upande wa pili na kuingia kwake gizani, bila kuonyesha. Alishuka haraka. Akainama dirishani.

"Kwako usiwashe, Mwalimu. Mkono kimeuona ni wako."

Akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo mbili.

Kioo alihamia kwenye usukani na kuondoka. Barabara kuu ilikuwa tupu. Alifika kwenye duka la dawa kabla ya kutazama kioo.

Zile taa zilikuwepo.

Alipoongeza mwendo, zilikuja. Alipopunguza, zilisogea karibu zaidi. Alijaribu kusimama kabisa. Nazo zikasimama nyuma yake, zikajaa kwenye kioo chote, na ile harufu ikarudi. Zilikuwa zinangoja kuonyeshwa.

Akaondoa gari. Njia ya kwake ilikuwa hatua mia moja mbele. Mke wake alikuwa nyumbani, na kila jioni ndiye aliyesikia gari akatoka kufungua geti. Kioo aliwaza juu ya mkono wa mkewe kwenye komeo.

Kabla ya njia yake kulikuwa na njia ya fundi seremala.

Kioo alisema baadaye, kwa mkewe peke yake, kwamba hakuwaza. Lakini mtu asiyewaza haangalii kioo kwanza. Aliangalia. Akawasha ya kulia kwenye njia ya seremala, akaangalia tena... na usukani hakuugusa. Akanyoosha moja kwa moja.

Nyuma yake gari lile lilipinda kulia, taratibu, kwa adabu kabisa. Likapotea kati ya nyumba.

Aliingia kwake taa zimezimwa. Usiku huo alikula vizuri, akaongeza na sahani ya pili.

Kilio kilisikika alfajiri. Seremala, mtu mzima wa afya, aliyekuwa akibeba mbao peke yake, alikuwa amemwambia mkewe kuna gari nje, acha nimfungulie mgeni. Mkewe hakuwa amesikia gari lolote. Walimkuta getini, amesimama.

Jioni Kioo alikwenda msibani. Alikaa mwishoni mwa benchi, akiyapokea maneno ya watu bila kuyasikia. Mmoja alisema presha. Mwingine alisema duniani kuna mambo. Mjane wa seremala aliulizauliza kila aliyeingia kama ndiye mgeni wa jana.

Mshonaji naye alifika. Viti vya shule alivitengeneza marehemu, sare alizishona yeye, walifahamiana. Alipeana mikono na wafiwa, akalia kidogo, kisha akaja mpaka kwa mwalimu wake.

"Nimefaulu," alinong'ona.

"Hongera."

Akainama zaidi. Uso wake ulikuwa mtulivu, umepumzika, kama wa mtu aliyelala usingizi mzuri baada ya muda mrefu.

"Ulikionyesha upande gani, Mwalimu?"

Kioo akatupa jicho huku na huku. Aliona mahali palipo wazi ni nyuma yake tu, na mwanamke yule alikuwa ameshaanza kuelekea huko. Akasogea upesi kwenye benchi, akamwachia nafasi pembeni yake.

"Kaa hapa, dada," alisema. "Kaa hapa nikuone."